Bitana ya Koti la Puleki

Mkasi wangu wa nguo haujawahi kukata karatasi. Haujakata nywele, haujakata mfuko wa maziwa, haujakata hata ule uzi mgumu wa gunia la mchele ambao kila mtu humu ndani huushambulia kwa meno. Mama alinifundisha kushona kambini, Tanzania, mkoa wa Kigoma, kwenye cherehani ya miguu ya kikundi cha akina mama, na somo la kwanza halikuwa mshono. Lilikuwa hili: mkasi wa fundi hauazimwi. Ukiuazima utarudi butu, na aliyeuazima ataapa kwamba ulikuwa butu tangu mwanzo. Hapa Louisville, Marekani, mtaani kwetu Beechmont, majirani wananiita mchoyo kwa sababu ya mkasi huo. Waniite.

Mtu mmoja aliwahi kuniomba mkasi huo mbele ya ukumbi mzima, kwenye kipaza sauti. Huyo ndiye ninayetaka kumsema. Nimesema kumsema, sikusema kumsengenya. Kusengenya ni kusema jambo usiloweza kulirudia mbele ya mwenyewe, na haya yote nitamrudia siku yoyote akitaka.

Hatukuzaliwa tumbo moja, lakini tulikula sahani moja. Mama yake na mama yangu walipakana nyumba kambini, Warundi wote wawili. Mama yangu alipolazwa miezi miwili hospitali ya kambi, mama yake ndiye aliyenipa uji asubuhi na kunisuka nywele Jumapili. Mwaka uliofuata malaria ikamchukua mama huyo. Mwanawe alikuwa na miaka kumi na mmoja, mimi kumi na miwili. Mama akamwambia kijana alete godoro lake kwetu. Akaleta godoro, na gita alilolitengeneza mwenyewe kwa kopo la mafuta ya kula na nyaya za breki za baiskeli. Kwa gita hilo tukaanzisha kwaya ya watoto, yeye akipiga, mimi nikishona sare. Nilimwita kaka, akaniita dada, na hakuna aliyeuliza habari za damu.

Tulipoletwa Marekani tulipangiwa mji mmoja. Tulishukuru Mungu kwa magoti. Yeye akapata kazi kiwanda cha vipuri vya magari, mimi ghala la nguo zinazorudishwa na wateja: suruali iliyombana mtu, gauni lililovaliwa harusini likarudishwa na jasho lake. Jumamosi nashona nyumbani. Nilibandika kibao dirishani kusema kwamba napunguza, napanua na kubadilisha zipu, na kibao hicho ndicho kilichomleta yule mzee.

Mzee ni Mzungu, anakaa mtaa wa nyuma yetu, mrefu, mgongo umepinda kidogo. Alikuja na mfuko mweusi wa takataka. Ndani yake mlikuwa na koti la satini rangi ya fedha, mabega yamepanda juu, kola imesimama, kifua chote kimejaa puleki za kumetameta. Nikadhani ni la marehemu mkewe. Nikampa pole kwa Kiingereza changu. Akasema mkewe yu hai, yuko nyumbani anatazama televisheni, na koti ni lake yeye. Alilivaa akiwa na miaka kumi na tisa na sasa tumbo limelikataa.

Nililigeuza ndani nje. Ukitaka ukweli wa nguo usiitazame usoni. Mishono ilikuwa ya mkono, mikubwa, imepinda, ya mtu asiyejua kushona hata kidogo lakini aliyekataa kuacha. Nikamuuliza nani alishona. "Mimi," akasema. "Mama yangu aligoma." Nikampenda hapo hapo.

Basi ule muziki wanaouita glam rock niliujua kwa mishono kabla ya masikio. Mzee alinisimulia kidogo kidogo kila alipokuja kupimwa. Ulianzia Uingereza mwanzoni mwa miaka ya sabini. Vijana wa kiume wakapaka wanja na rangi ya mdomo, wakavaa mahameli na satini na viatu vya soli ndefu, wakaichukua roki ya zamani, ile ya kuchezeka, wakaipunguza hadi ikabaki ngoma, makofi na gita linalonguruma. Watu wazima waliozoea kusikiliza roki wamekaa chini, wameshika tama, waliwacheka. Watoto wa shule hawakucheka, walikwenda dukani kununua sahani za santuri. Wakati huo yeye alikuwa Lackawanna, kusini mwa Buffalo, jimbo la New York, mji wa chuma. Baba yake alirudi kila jioni na vumbi la tanuri hadi kwenye nyusi. "Kwetu kila kitu kilikuwa cha kijivu, hata theluji," aliniambia. "Halafu nikawaona wale vijana kwenye televisheni wanametameta. Nikasema, kumbe mwanamume anaruhusiwa." Akaunda bendi na wenzake watatu, wakapiga katika baa za wafanyakazi wa chuma, wakarushiwa chupa, wakaendelea. Baba yake alichukua kiatu kimoja akakitupa jalalani, kimoja tu, kile kingine akamwachia.

Lakini kilichomuuma hakikuwa kiatu wala chupa. Mtindo ulipopita, wenzake walivaa jinzi, na mwimbaji wao alipohojiwa redioni akasema hajawahi kupaka wanja maishani mwake. Miaka ikaenda, wakaja wengine, bendi za nywele zilizotimuliwa, bendi za makoti ya ngozi nyeusi na makelele, bendi za vinanda vya umeme, na wote wamebeba kitu kutoka kule: wanja, kiatu, ile ngoma ya kukanyaga. "Waulize walikitoa wapi," mzee alisema. "Kila mmoja atakwambia aliota." Nilicheka na pini zangu mdomoni. Sikujua kuwa ananisomea habari zangu.

Siku aliyoleta na buti zake za soli ndefu, alizonunua baada ya kile kiatu kutupwa, mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama. "Raizoni!" akasema. Mama alikulia Tanzania, mtoto wa wakimbizi wa zamani, kabla ya kurudi Burundi na kukimbia tena, na alikumbuka vijana wa mjini miaka ile, soli ndefu miguuni na suruali za bugaluu zikifagia njia, na wazee wakilaani. Muziki wenyewe haukuwahi kumfikia. Viatu vilifika. Nikamtafsiria mzee, akakaa kwenye kiti akafikiri, kisha akaomba mama ajaribu kuvivaa. Mama akajaribu, akashika ukuta, akatembea hatua tatu. Sijamwona mama akicheka hivyo tangu tufike nchi hii.

Jumamosi moja kaka alikuja kuchukua shati lake akamkuta mzee na kisanduku chake cha kupigia sahani. Ngoma mbili, kofi moja, ngoma mbili, kofi moja, halafu gita. Kaka hakukaa. Alisimama mlangoni na koti la baridi mwilini hadi wimbo ukaisha.

"Dada," akasema, "hii ni kwaya."

Na kweli ilikuwa kwaya. Ile ngoma ya kukanyaga ndiyo tuliyoikanyagia udongo mwekundu wa kambi. Wale wanaume kwenye majalada ya sahani, wamevaa sawasawa, wanang'aa, wanageuka kwa pamoja, walikuwa wanakwaya waliopotea njia, au sisi ndio tuliopotea. Kuanzia siku hiyo kila Jumamosi ilikuwa hivyo: mimi cherehanini, mzee na sahani zake, kaka na gita, sasa gita la dukani. Alikuwa na mikono ambayo Mungu hagawi ovyo. Mzee alimtazama akipiga na macho yake yakajaa maji, akajifanya ni vumbi la kitambaa.

Wale wenzake wa zamani walikuwa wamehamia Columbus, jimbo la Ohio, na walitaka kupiga mara moja ya mwisho, katika ukumbi mdogo mtaa wa chuo kikuu. Mpiga gita wao alikuwa na mkono unaotetemeka. Mzee akamwomba kaka. Kaka akanitazama mimi, kama alivyokuwa akinitazama kambini kabla ya kuruka mfereji.

"Nishonee," akasema.

Nilimshonea kwa wiki tano. Kitambaa cha fedha, mabega ya kupanda, puleki moja moja kwa mkono. Kwa bitana, kitambaa cha ndani ya koti, nilitumia mabaki ya sare ya mwaka ule ya kwaya ya kanisa letu hapa Louisville, ambako sote wawili tuliimba, kitenge cha bluu chenye ndege wa njano, kilichoagizwa kwa ajili yetu tu. Fundi hatupi mabaki. Nilijua ni cha kwaya, lakini nikajiambia ndani ya koti nani ataona. Hilo ndilo kosa langu na ninalisema kabla hajalisema mtu mwingine.

Wiki ya mwisho alikuja na mfuko mweupe wa plastiki, ule tuliopewa wote wa kuwekea karatasi za safari. Ndani yake akatoa kipande cha kitenge cha mama yake, chekundu kilichopauka, ukubwa wa leso mbili za mfukoni, alichokihifadhi tangu mazishi. "Kiweke kati ya kitambaa na bitana, upande wa moyo," akasema. "Asionekane, lakini awepo." Nilikishona kwa mishono midogo kuliko yote niliyowahi kushona. Nililia kidogo na sikumficha.

Kanisani, ambako muziki wa kidunia ni mwiko, tulisema tunakwenda kumjulia hali mgonjwa. Ni uongo, najua. Onyesho lilianza saa nane mchana kwa sababu wanamuziki wote walikuwa wazee na jioni wana dawa za kumeza. Nyuma ya jukwaa nilimpaka kaka wanja kwa mkono wangu mwenyewe, na unga wa fedha mashavuni, huku mzee akishika taa ya simu. Kaka alijitazama kwenye kioo muda mrefu. Nilidhani atafuta. "Nafanana na mama," akasema, na akatoka kwenda kupiga.

Sitaki kusema uongo kwa sababu ya yaliyofuata: ile saa moja ilikuwa nzuri. Wazee watatu wenye matumbo ndani ya satini, na kijana wangu katikati, mweusi, anang'aa, anakanyaga zile buti kana kwamba alizaliwa nazo. Wanafunzi walioingia kwa kucheka wakaanza kupiga makofi. Wimbo wa mwisho joto lilimzidi, akafungua koti, akalipeperusha mara mbili, na ndege wangu wa njano wakaonekana ukumbi mzima.

Kati ya wale wanafunzi alikuwepo Mrundi mmoja aliyekuwa akisomea shahada Columbus, na dada yake anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu. Uso wa kaka hakuutambua, kwa wanja na unga. Alitambua kitenge. Akapiga video, akamtumia dada yake: si sare yenu hii? Kabla hatujafika Louisville, video ilikuwa kwenye kundi la kanisa.

Hawakutupigia kelele. Kwetu mtu hapigiwi kelele, anatengwa. Unakaa benchi la nyuma, huimbi, huombi kwa sauti, hupokei meza ya Bwana, hadi siku utakaposimama mbele ya watu na kutoa ushuhuda. Wiki ya kwanza mama aliondoka kiti chake cha mbele akaja kukaa nasi nyuma. Kaka alivumilia, lakini yeye alikuwa na jambo lingine. Alikuwa ameposa binti Buffalo, na baba wa binti ni mzee wa kanisa kule. Mzee huyo alimwambia wazi: mtu aliyetengwa hatumpi mtoto.

Nilimwambia kaka tutasimama wawili. Kongamano la kwaya lilikuwa linakuja, Lackawanna, makanisa yetu yote ya miji hii yakikutana, na ushuhuda wetu ungepokelewa pale. Tukakubaliana maneno yetu jikoni kwangu, mama akisikiliza. Tutaomba radhi kwa uongo wa mgonjwa na kwa sare ya kwaya kutumika bila ruhusa. Hayo ni makosa. Muziki hatutauombea radhi, kwa sababu hatukuona ubaya wake, na kumwambia Mungu kitu usichokiamini ni kosa la tatu. Akanishika mkono. "Wawili, dada," akasema. Nilimwamini kama ninavyoamini tepu yangu ya kupimia.

Hata mtu aliyetengwa huruhusiwa kufanya kazi. Sare mpya za kongamano, ishirini na nne, nilizishona zote mimi, tena kwa kitenge kile kile cha ndege wa njano kwa sababu walikipenda. Safari ya kwenda Buffalo ilikuwa ndefu, mama hakuiweza, kaka ndiye aliyeendesha. Tulipopita Columbus nikamtania, nikamuuliza kama asimame apige wimbo mmoja. Hakucheka. Nikadhani amechoka.

Ukumbi ulijaa. Kaka aliitwa kwanza. Nikainuka nimfuate, naye akanionyesha kiganja chini ya kiuno: subiri. Nikakaa. Mkononi alikuwa na mfuko, na nilipouona nikajua kilichomo, maana niliujua uzito wa lile koti kuliko yeye.

"Bwana asifiwe," akasema. Wakaitikia. "Wapendwa, nilikuwa nimefungwa. Kuna dada mmoja, fundi, niliyemheshimu kama ndugu yangu. Yeye ndiye aliyemkaribisha mtu mwenye muziki wa giza nyumbani kwake. Akanishonea vazi. Akanipaka rangi usoni kwa mkono wake. Tangu nilipolivaa lile vazi sikuwa mimi. Leo nimelileta."

Niliyemheshimu kama ndugu. Alilipima lile neno "kama", nilimsikia akilipima. Waswahili wanasema kikulacho ki nguoni mwako, nami nimekaa miaka yote hiyo nadhani wanasema chawa. Watu waligeuka kunitafuta. Haikuwa kazi, nilikuwa mwanamke pekee benchi la nyuma mwenye pini kwenye kola.

Mhubiri mgeni, Mkongomani kutoka milima ya Kivu ya Kusini, mtu mwema tu, akalipokea koti kwa ncha za vidole. "Bon," akasema. "Batu ya Mungu, mumesikia. Hii koti iko na roho mubaya. Kwetu tungeichoma. Hapa, donc, ukiwasha moto ndani ya salle, alarme inalia na pompier, batu ba kuzima moto, banakuya. Basi tutaikata-kata. Nani iko na makasi?"

Kila mtu wa Louisville alijua jibu. Mkoba wangu wa kazi ulikuwa miguuni pangu. Ndipo kaka akarudi kwenye kipaza sauti. Alikulia nyumba moja na ule mkasi. Anajua sheria yake kama anavyojua Baba Yetu.

"Dada, tafadhali," akasema. "Mkasi wako."

Nilisimama. Ilikuwa hasira, sio aibu, na ninataka hilo lieleweke. "Mkasi wangu hauazimwi," nikasema. "Nitakuja mwenyewe."

Nikapanda jukwaani. Mhubiri akanipa koti. Nikaketi kwenye kiti cha mpiga kinanda, nikaligeuza ndani nje, nikamwambia yeye na watu wote kwamba nguo haikatwi kwa hasira, inafumuliwa. Nikaanza kufumua. Mshono mmoja, mshono mwingine, kwa ncha ya mkasi. Ilichukua muda. Watu walikuja kuona vazi la shetani likikatwa vipande, wakamwona mwanamke anafanya kazi yake ya kila Jumamosi. Mtoto mmoja akauliza kwa Kiingereza kama imekwisha. Bitana ilipoachia nikaiinua juu, ndege wa njano, ile ile iliyokuwa vifuani mwa wanakwaya ishirini na nne waliosimama nyuma yangu. Nilisikia mtu mmoja wao akikohoa.

Kisha nikafikia upande wa moyo. Ile mishono midogo ilinisumbua, nililaani ufundi wangu mwenyewe. Nikakitoa kile kipande chekundu, nikakikunjua, nikamnyooshea. Nilijua nilichokuwa nikifanya na nilijua alichohitaji kufanya. Neno moja tu lingetosha. Angesema ni cha mama, na mimi ningemsamehe mengine yote pale pale, kamera zikiwaka.

"Kaka," nikasema, "hiki ni cha nani?"

Akakitazama. Kisha akainua macho. Safu ya mbele alikaa baba wa mchumba wake, mikono imekunjwa.

"Sikijui," akasema.

"Kitazame vizuri."

"Dada, sikijui hicho kitambaa."

Nimewahi kuondolewa nyumbani usiku na watu wenye bunduki, nikiwa mgongoni mwa mama. Sikumbuki, nimesimuliwa. Hili nalikumbuka mwenyewe na naweza kuapa liliuma zaidi. Nilikikunja kile kitambaa mara nne, nikakitia kifuani, nikawaachia satini na puleki na bitana wafanye watakavyo. Wengine waliimba. Nilirudi Louisville kwa basi, peke yangu, ushuhuda wangu sikuutoa, na hadi leo benchi la nyuma ni langu. Nimelizoea. Lina upepo.

Mzee nilimweleza nilipomrudishia suruali yake. Hakushangaa, na hilo lilinikasirisha, nikamwambia angenionya. "Nilikuonya," akasema. "Ulicheka."

Kaka alioa, akahamia Buffalo, akapewa kwaya. Miaka minne sasa. Video zake zinafika kwetu kila wiki, watu wanazicheza kwenye simu ndani ya basi la jiji, na kwaya za miji mingine zimeanza kumwiga. Wanaume wamevaa mashati ya satini, wanageuka kwa pamoja, mabega yamepandishwa. Ngoma mbili, kofi moja, ngoma mbili, kofi moja, halafu gita. Wasichana wa kwaya wana unga wa kung'aa mashavuni, kidogo tu, wa heshima. Kwenye mahojiano ya mtandao wa kanisa waliuliza mtindo huo mpya ameutoa wapi. Akasema Bwana alimpa ndotoni. Nilirudisha mahali hapo mara tatu nihakikishe.

Labda hajanisamehe ile bitana. Wakati mwingine namtafutia sababu hiyo, kwamba mimi ndiye niliyetangulia kumwanika kwa uchoyo wangu wa mabaki. Halafu nakumbuka kiganja chini ya kiuno, subiri, na sababu zote zinaniishia.

Mwezi uliopita simu yangu ililia nikiwa napiga pasi. Ujumbe, namba ya Buffalo. "Dada, Bwana asifiwe. Tumepata mtoto wa kike. Tumempa jina la mama. Nataka kumfunika na kile kitambaa siku ya kumpeleka madhabahuni. Bado unacho?"

Hakuna pole. Hakuna nisamehe. Dada, kama zamani, bila lile "kama". Nilikaa chini na pasi ikiwaka. Kitambaa kilikuwa hatua tatu kutoka pale, ndani ya kasha la mkasi. Nikaandika haraka kabla moyo haujapoa: "Sikijui hicho kitambaa." Nikatuma, na nikasikia raha, raha ya kweli, kwa muda wa kama dakika moja.

Kisha nikamkumbuka mwenye kitambaa. Uji wake, usio na sukari, ulivyokuwa wa moto. Vidole vyake kichwani mwangu asubuhi za Jumapili, alivyonikaza nywele hadi machozi yakanitoka na akaniambia nivumilie, uzuri unauma. Yule mama alikanwa Lackawanna na mwanawe, na sasa amekanwa Beechmont na mimi. Kaka hajaandika tena. Nami kila simu ikilia ninaacha sindano.